Mkalimani wa Mama Mkwe

Siku Ma Kokushubila alipofika Temeke kutoka Bukoba, mkwewe Adelard alitokea mlango wa uani ili bibi apite mlango wa mbele. Ndivyo ilivyotakiwa. Kwa Wahaya wa enzi zile, mwanamume na mama mzaa mkewe hawakupeana mkono, hawakula sahani moja, hawakutazamana usoni. Wakikutana njiani, mmoja aliinama kando mpaka mwenzake apite. Kule nyumbani, penye migomba ya kutosha kumficha kila mtu na mkwewe, heshima hiyo ilikuwa nyepesi. Katika kota ya vyumba viwili, yenye choo kimoja na ua wa kuanika shuka mbili tu, ilikuwa kazi ya kutwa.

Jirani yao Mauwa, mwanamke wa Kimwera kutoka upande wa Lindi, hakuisha kushangaa.

"Nyie Wahaya mna mambo," alimwambia Auleria, mke wa Adelard, huku anatwanga kisamvu. "Karani mzima, tai shingoni, anaruka dirisha kama mwizi kwa kumwogopa bibi kizee?"

"Hakuruka dirisha, Mauwa."

"Juzi je? Nimemwona kwa macho yangu haya. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, kofia kaibana kwa meno."

Auleria alicheka mpaka akakaa chini. Ndani, nyuma ya pazia, Ma Kokushubila naye alicheka, kisha akashika bega lake la kushoto akanyamaza.

Bega ndilo lililomleta. Bega na mkono uliokufa ganzi. Bwana dawa wa kijijini alikuwa amemchua akashindwa, ndipo Auleria alipoandika barua: mama aje Dar es Salaam, Adelard anafanya kazi hospitalini, hatakosa wa kumsaidia. Binti alipomdadisi kama kuna pengine panapouma, mama alimkata kauli. "Bega nimekwambia. Umekuwa polisi?"

Ilikuwa kweli kwamba Adelard alifanya kazi hospitalini. Alikuwa karani wa hospitali ya serikali mjini, na kazi yake iliyoandikwa ilikuwa kupiga taipu. Kati ya karatasi zilizopita mikononi mwake ilikuwamo fomu moja aliyoijua kwa moyo. Mzungu alipopata ugonjwa mkubwa, daktari mmoja hakuruhusiwa kumtolea hukumu. Walikaa watatu. Kila mmoja alimpima kivyake, akaandika maoni yake kivyake, na wakishindwa, mgonjwa alipelekwa London kwa bingwa, nauli ikitolewa na serikali, yaani na kodi ya kichwa ya watu ambao hawajawahi kuiona hiyo ndege. Juu ya fomu paliandikwa: "Kwa kuwa tiba inayofaa haipatikani katika nchi hii." Adelard aliipiga sentensi hiyo nakala nne nne, mwaka hadi mwaka, bila kukosea herufi.

Kazi yake isiyoandikwa wala kulipwa ilikuwa ukalimani. Alijua Kiingereza, Kiswahili na Kihaya, basi daktari alipokwama aliitwa aache taipu aende wodini. Daktari mwenyewe watu walimwita Bwana Saa, kwa jinsi alivyotazama mkono wake kabla ya kumtazama mgonjwa. Alikuwa na Kiswahili cha kumwagiza mpishi mayai, basi. Upande wa Wazungu kulikuwa na mapazia, na sista wa Kizungu wa kumsimamia mwanamke anapovuliwa blauzi. Upande wetu kulikuwa na benchi, watu sitini kabla ya chakula cha mchana, na karani. Mwanamke pekee aliyeajiriwa pale alikuwa yule yule Mauwa jirani, naye aliajiriwa kufagia.

Jumatatu moja ikafika zamu ya Ma Kokushubila. Alikaa ametazama ukuta wa kushoto. Adelard alisimama ametazama ukuta wa kulia. Bwana Saa alikuwa katikati, nyuma ya meza.

"Muulize anaumwa wapi," daktari alisema kwa Kiingereza.

"Ma, daktari anauliza mnaumwa wapi," Adelard aliuambia ukuta kwa Kihaya, kwa wingi wa heshima.

"Mumwambie ni bega, waitu," mama aliujibu ukuta wa pili, kwa neno la heshima la kwao. "Na mkono."

Bwana Saa hakuwa mjinga, tumpe haki yake. Aliuliza swali ambalo kila daktari mzuri angeliuliza. "Bega la kushoto. Muulize kama ana uvimbe wowote kwenye titi, na kama kuna maji au damu inayotoka kwenye chuchu."

Adelard alilielewa kila neno. Masikio yalimwaka. Mwanamke huyu ndiye aliyemzaa na kumnyonyesha mke anayelala naye. Kwao, mwanamume aliyelitamka neno lile mbele ya mkwewe angeitwa mbele ya ukoo, angetozwa mbuzi na pombe, na wajukuu wangehadithiwa. Angeweza kusema: bwana, huyu ni mkwe wangu, aitwe mwanamke amuulize. Lakini miaka miwili nyuma karani mwenzake alijaribu kueleza jambo la namna hiyo, na Bwana Saa alilisimulia kwenye klabu yao kama kichekesho, mpaka wapishi wakalirudisha mjini. Adelard alikuwa mtu wa tai. Hakutaka kuwa kichekesho. Na hatua ishirini kutoka pale, kwenye baraza, Mauwa alikuwa anadeki sakafu akijiimbia.

Adelard aliugeukia ukuta wake. "Ma, daktari anauliza kama mnapata usingizi."

"Ninaupata kidogo."

"Hana, bwana," Adelard alisema kwa Kiingereza safi. "Hana kitu kingine chochote."

Bwana Saa akatazama saa, akaandika: baridi yabisi, dawa ya kuchua. Hakuinuka kitini. Kati ya mkono wake na ugonjwa ule palikuwa na kitambaa cha blauzi tu, na mkono huo ulikuwa umesomeshwa miaka saba kazi ya kugusa. Aliuacha mezani, akaitegemea midomo ya karani.

Dawa ya kuchua ilinukia nyumba nzima miezi mitano. Mama alikonda. Mkono ulivimba ukawa mzito kama gogo, naye akaendelea kusema bega, bega, na kujichua mwenyewe mlango umefungwa. Siku moja Auleria alikuwa sokoni na mama hakuweza tena kujifikia mgongoni, akamwita Mauwa. Mauwa aliingia na kichekesho chake mdomoni. Alipoishusha kanga, kichekesho kikafa.

Alimngoja Auleria uani. "Mwenzangu, wewe umemwona mama yako kifuani?"

"Kifuani kuna nini?"

"Titi limeingia ndani kama limevutwa na uzi. Na kidonda. Mie nimefagia wodi miaka tisa, najua harufu ile. Mumeo kampeleka hospitali kufanya nini? Kuonyesha kanga?"

Auleria alimsubiri mumewe mlangoni, akamwambia kwa maneno matatu. Adelard alivua tai, akaishika mkononi, akakaa kwenye kizingiti mpaka chakula kikapoa.

Asubuhi yake walirudi kwa Bwana Saa, na safari hii Auleria aliingia na kumvua mama yake mwenyewe, Adelard amebaki nje ya mlango. Daktari aliinuka. Alitazama kidogo, akanawa mikono, akarudi kitini, akamwita Adelard.

"Mwambie mkeo ni saratani, na imechelewa. Mpelekeni kwao akapumzike."

"Bwana, tunaomba daktari wa pili amtazame."

"Wa pili wa nini?"

"Maoni ya pili, bwana. Kama kwenye fomu. Wakae watatu."

Bwana Saa alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wewe unalipwa kuzipiga zile karatasi. Nani alikwambia uzisome?"

Basi Adelard akaamua kuyafuata maoni ya pili mwenyewe, nje ya nchi. London hakuijua ilipo, lakini Kampala aliijua: Wahaya walivuka ziwa kwenda huko tangu enzi za babu zao, na watu walisema kuna bingwa wa upasuaji hospitali ya huko anayewapokea hata weusi. Aliuza baiskeli na gramafoni. Aliomba likizo ya mwaka, akaomba na barua ya kumtambulisha mgonjwa. Bwana Saa akaiandika kwa mistari minne, akaifunga kwa lakiri. Walipanda gari moshi hadi Mwanza, mama na binti behewa moja, mkwe behewa la nyuma, kisha meli ya ziwani. Kila kituo Adelard alishuka kuwanunulia ndizi na maziwa, akavipitisha dirishani kwa mkewe, uso ameugeuzia upande wa injini.

Kule Kampala walipokewa na nesi wa Kiganda, Benedicta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Kiganda na Kihaya vinasikilizana. Adelard alianza kuingia nao chumbani ili atafsiri, kama alivyozoea.

"Wewe ni nani wake?"

"Mkwe."

"Mkwe!" Benedicta alimshika bega akamgeuza kama anayegeuza mlango. "Na unakwenda wapi? Toka nje. Kwenu hamna adabu?"

Adelard alikaa nje kwenye benchi. Mlango haukufungwa sawasawa. Alimsikia mama mkwe wake akizungumza, akizungumza, maneno yanamtoka kama maji yaliyofunguliwa: lini alikiona kijivimbe cha kwanza, kiasi cha punje ya maharage, lini alianza kukifunga kwa kitambaa, alivyoogopa. Alikuwa hajawahi kusikia sauti ya mama huyu kwa muda mrefu vile.

Kisha ikaja sauti ya daktari bingwa, mzee wa Kizungu anayezungumza taratibu. Alikuwa anaisoma barua ya Dar es Salaam, na Benedicta anatafsiri.

"Hapa pameandikwa kwamba siku ya kwanza, miezi mitano na nusu iliyopita, aliulizwa kwa njia ya mkalimani kama ana uvimbe kwenye titi, akakana. Muulize kwa nini alikana."

"Sikukana," Ma Kokushubila alisema. "Sikuulizwa."

"Pameandikwa aliulizwa."

"Niliulizwa kama ninapata usingizi."

Mlango ukafunguliwa, Benedicta akasimama pale, na mara moja macho yake yakaelewa, kwa kuwa na Waganda wana mwiko huo huo. "Daktari anauliza mkalimani alikuwa nani," alisema polepole.

Adelard angeweza kusema karani mmoja. "Ni mimi," alisema.

Bingwa hakumgombeza; ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Alieleza tu. Wakati ule angemkata titi yeye mwenyewe, hapa hapa, na mama angekuwa na matumaini ya miaka. Sasa ugonjwa umeingia kwapani. Kisu peke yake hakitoshi. Iko mashine ya mionzi inayouchoma ugonjwa huu, lakini Afrika Mashariki nzima haikuwa nayo, iko London. Pengine ingemwongezea miaka miwili, pengine mitatu. Akaandika barua ndefu, akaipiga muhuri, akasema: "Peleka kwa serikali yako. Utaratibu upo."

"Naujua, bwana," Adelard alisema.

Waliporudi kwa meli kuelekea Bukoba, ambako mama angebaki, wote watatu walikaa sitahani kati ya magunia. Auleria alikuwa amelala kwa uchovu. Ndipo Ma Kokushubila alipogeuza kichwa, akamtazama mkwewe usoni, macho kwa macho, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu siku ya posa.

"Adelard."

Alitaka kuinamisha uso. Akashindwa.

"Ungeniuliza siku ile, ningekuchukia mpaka kufa," mama alisema. "Lakini ningekuwa na muda mrefu wa kukuchukia."

"Mama, mnisamehe."

"Hilo tutaliona. Hiyo karatasi ya London umeiweka wapi?"

Adelard aligusa mfuko wa koti.

"Basi nenda kaipige fomu yangu. Umewapigia watu wengine wangapi? Nami nimo. Nataka kuishi, mkwe wangu. Sikuja huku kutembea."

Alirudi Dar es Salaam akaipiga. Nakala nne, hakuna herufi iliyofutwa. Jina, Kokushubila. Ugonjwa. Maoni ya daktari wa kwanza, maoni ya daktari wa pili, muhuri wa Kampala. Kwa kuwa tiba inayofaa haipatikani katika nchi hii. Akaiweka mezani kwa Bwana Saa pamoja na barua zote.

Bwana Saa alisoma mpaka mwisho. "Fomu hii ni ya maofisa na familia zao."

"Bwana, imeandikwa 'mgonjwa'. Haikuandikwa rangi."

"Haikuhitaji kuandikwa." Akachora mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, nakala zote nne. Kisha akamrudishia. "Nyuma ya karatasi ni safi. Zitumie kwa rasimu."

Wiki ile ile mke wa ofisa mmoja wa barabara aligusa kijivimbe kiasi cha punje ya mtama. Madaktari watatu walikaa mchana mmoja. Alhamisi alipanda ndege. Adelard ndiye aliyepiga fomu yake, na rasimu yake aliipiga nyuma ya karatasi ya Ma Kokushubila. Mama yule wa Kizungu alipona, akarudi, akaendelea kupanda maua yake. Na apone, ugonjwa haukumwomba mtu ruhusa. Lakini asije mtu leo akatuambia kwamba wakati ule dawa haikuwapo. Ilikuwapo. Tulikuwa tunaipigia taipu.

Adelard aliandika kwa wakubwa wa juu mara tatu. Jibu la barua ya kwanza lilikuwa kwamba barua imepokelewa. Jibu la pili lilikuwa simu ya maandishi kutoka kwa shemeji yake Albano, kule Bukoba: MAMA AMEFARIKI JUMAPILI. Jibu la barua ya tatu halijafika mpaka leo.

Auleria hakulia mbele yake. Alikaa uani na Mauwa, mabega yamegusana. Baadaye alimwambia mumewe jambo moja tu: "Mlango wa mbele sasa ni wako. Huna wa kumpisha."

Siku kumi baada ya matanga Adelard aliitwa wodini. Kwenye kiti alikaa mama mmoja wa Kizaramo kutoka Chanika, aliyeletwa kwa baiskeli na mume wa binti yake. Kijana wa watu alisimama kando, anatazama dari. Mama alishika bega. Bwana Saa alitazama saa.

"Muulize kama ana uvimbe kwenye titi."

"Simuulizi mimi, bwana," Adelard alisema. "Na huyu mkwewe atoke kwanza. Aitwe Mauwa amuulize."

"Mauwa ni nani?"

"Anafagia chini ya kiti chako. Mwaka wa kumi huu."

"Mimi nataka mkalimani. Sikuomba mfagiaji."

"Basi inuka umguse mwenyewe."

Benchi zima liligeuza vichwa. Hawakujua Kiingereza, lakini sauti waliijua. Bwana Saa aliweka kalamu chini. "Una wazimu gani leo?"

"Yule mama wa Bukoba sikumuuliza," Adelard alisema. "Alikuwa mkwe wangu. Nilikudanganya, na wewe ukaandika. Nimemuua mimi kwa ulimi, na wewe umemuua kwa kukaa kitini. Huyu simuui."

Ndipo Bwana Saa alipoishika nafasi yake. Tangu barua ya Kampala ilipofika, neno aliloliandika bingwa humo, kwamba mgonjwa hakupimwa siku ya kwanza, lilikuwa linamwasha; sasa dawa yake ilikuwa imemjia kwa miguu. Alichukua faili la Kokushubila, akaandika pembeni: kosa ni la mkalimani, amekiri. Kabla ya mchana Adelard alikuwa amekwisha achishwa kazi kwa ukaidi na udanganyifu, bila barua ya sifa, na kupewa siku saba za kuhama kota.

Alipokuwa anapita barazani na kofia mkononi, aliwaona kupitia dirisha. Nikodemu, tarishi, kijana aliyejua Kiingereza cha kubebea bahasha, alikuwa amesimamishwa mahali pake. Mkwe alikuwa bado pale, anatazama dari. Mama wa Chanika alikuwa anatazama sakafu. Nikodemu alikuwa anatazama ukuta.

"Hana, bwana," Nikodemu alisema. "Hana kitu kingine."

Mauwa alikuwa mlangoni na ndoo yake. Alimtazama Adelard, kama anayengoja kuambiwa. Adelard hakuwa tena mtu wa kumwamrisha yeyote. Mauwa akaitua ndoo katikati ya mlango, akaingia. Alimsukuma yule mkwe kwa kiwiko mpaka nje, akatandaza kanga yake ya mabegani kama pazia mbele ya mama, akamwinamia sikioni. Kisha akainua kichwa akamwambia Bwana Saa kwa Kiswahili chepesi, neno moja moja, kama kwa mtoto: "Titi. Hili hapa. Jiwe. Njoo ushike."

Na Bwana Saa, macho ya benchi zima yakiwa juu yake, akainuka.

Jioni ile orodha ya mishahara ilipungua majina mawili, la karani na la mfagiaji. Mama wa Chanika alikatwa titi wiki iliyofuata, akarudi kwake, akalima mihogo miaka mingi. Faili lake limeandikwa kwamba daktari aliugundua ugonjwa mapema kwa uangalifu wake, na kwamba mkalimani alikuwa Nikodemu.